Kila Tabia Mbaya ya Barabarani Ina Kwao

Kaa Segera pale njiapanda, muda wa kumaliza kikombe cha chai tu, utajua kila dereva katokea wapi bila kusoma maandishi ya ubavuni. Wa Dar anachomekea pua ya gari hata pasipo na foleni. Barabara nyeupe, yeye anagombania nafasi. Anayeteremka kutoka Arusha ana hasira za mtu aliyefuata mikia ya malori tangu Same, akiona upenyo kaondoka. Wa Tanga mjini kasimama juu ya lami, kashusha kioo, anaulizana hali na muuza machungwa. Mpaka wafike kwenye "na watoto hawajambo?", nyuma yake kuna Fuso mbili na basi, wote wanapiga honi, naye anashangaa wanamhonia nani.

Huyo wa mwisho ni mtu wetu, siwezi kumkana. Mimi ni mwenyeji wa Ngamiani, nauza spea za baiskeli na pikipiki. Kazi hiyo hunipeleka Kariakoo kufuata mzigo, kisha Muheza, Korogwe, Lushoto na Pangani kuusambaza. Mara mojamoja navuka Horohoro kwenda Mombasa. Muda ambao sipo barabarani nipo kaunta, nauza vitu vilivyovunjikia hukohuko barabarani. Kwa hiyo nina maoni.

Watu wanapenda kusema Watanzania hatujui kuendesha. Mimi sikubali. Tunajua sana, ila kila mtu anajua ya kwao. Karibu kila tabia mbaya ninayokutana nayo njiani ilizaliwa mahali fulani, kwa sababu ambayo pale ilikuwa na maana. Balaa linaanza tabia hiyo inaposafiri.

Tuanze nyumbani, nisije nikaambiwa nasema watu. Ngamiani ni mitaa iliyonyooka inayokatana, na barabara zake tunaziita kwa namba: ya Saba, ya Kumi na Mbili, na kuendelea. Kila baada ya nyumba chache kuna njiapanda, na nyingi hazina kibao. Sheria ya nani apite kwanza ipo kitabuni; pale mtaani kuna macho. Unamtazama mwenzio, naye anakutazama, mmoja anainua kidole au anatikisa kichwa, mambo yamekwisha. Baiskeli haimo katika makubaliano hayo. Baiskeli inapita. Mji huu ni wa baiskeli tangu enzi za wazee wetu, wakienda nazo bandarini, viwandani na sokoni, na mwendesha baiskeli wa Tanga hageuzi shingo anapoingia barabara kubwa kwa sababu hajawahi kuona haja. Magari yanakwenda taratibu, na nusu ya madereva wanamjua kwa jina.

Sasa mchukue huyohuyo umpeleke Pongwe, au Muheza, kwenye barabara ya Segera. Lori la saruji linakuja na kilomita 80 kwa saa. Mwendo huo ni mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, mpaka mguu ufike kwenye breki sekunde moja imeshapita, kwa hiyo mita 22 zimeliwa kabla breki haijaanza hata kushika. Mwenye baiskeli hana habari na hesabu hizo. Yeye anavuka Barabara ya Kumi na Mbili.

Na sisi wenye magari hatuna nafuu. Ukifika msimu wa machungwa, Muheza mpaka Michungwani vijana wanasimama na vikapu kando ya njia, na mtu wa kwetu akiona chungwa zuri haegeshi, anasimama. Matairi ya kushoto kwenye mchanga, ya kulia kwenye lami, mlango wa dereva wazi. Taa za hatari kawasha, hilo nalisema kwa haki, na kwa imani yake taa za hatari zikiwaka barabara imekuwa yake. Kule mjini ukisimama hivyo unazungukwa kwa upole. Njia kuu anayetaka kukuzunguka lazima aingie upande wa pili, na upande wa pili una wenyewe.

Dar ina shule yake. Nilikuwa nawachukia watu wa Dar kwa kuchomekea mpaka nilipoanza kuingia Kariakoo asubuhi na kutoka jioni. Foleni ya Mwenge au Mbezi ukiacha nafasi ya baiskeli, inaingia bajaji. Ukiacha ya bajaji, inaingia daladala, na konda anakushukuru kwa kupiga bodi. Mstaarabu analala njiani. Basi watu wamejifunza kuishi bamba kwa bamba, kutanua pembeni kwenye vumbi na kuingiza pua kwanza halafu ndiyo kuomba. Na inafanya kazi, kwa sababu mwendo wa pale ni wa kobe. Mkigusana ni mkwaruzo wa rangi, mnateremka, mnatukanana kidogo, mnaendelea.

Mtu huyo akitoka Bunju, akipita Bagamoyo na kushika njia ya Msata, hajabadilika chochote isipokuwa gia. Kiwangwa kwenye mananasi anaovateki magari manne kwa mpigo, na akiona gari linakuja mbele anaingiza pua katikati ya malori mawili, akijua atapishwa kama alivyopishwa Mwenge. Lakini daladala ya Mwenge ilikuwa inatambaa. Hili lori limebeba tani na tani, dereva wake akikanyaga breki ghafla tela linaweza kumgeukia. Wengi wanapishwa kweli. Ndiyo maana wanarudia.

Mabodaboda wa Dar wana la kwao, na hilo limeshaingia Tanga kupitia dukani kwangu. Kule wanang'oa saitimira ili wapenye katikati ya magari kwenye foleni. Hapa hakuna foleni ya kupenya, lakini fasheni imefika. Kijana ananunua pikipiki mpya, wiki haijaisha vioo vimetoka, vimewekwa kabatini. Akikamatwa na trafiki anakuja kununua kimoja, cha kulia, cha bei ya chini. Nikimuuliza, "Mwanangu, la kushoto utalionaje?" ananijibu, "Mzee, wa kushoto ananisikia mlio."

Lakini kinachonitisha kuliko vyote ni taa.

Fikiria gari linalokuja mbele yako likiwasha na kuzima taa kubwa mara mbili. Linasema nini? Kwetu mjini linasema: pita wewe, nakusubiri. Kwenye daraja jembamba au njia iliyobanwa na ujenzi linasema kinyume chake kabisa: kaa hapohapo, napita mimi. Njia kuu mchana kweupe linasema: mbele kuna tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, punguza. Na mara nyingine linasema tu kwamba umeacha taa zako zinawaka. Hayo yote ni kidole kilekile, swichi ileile. Aliyezoea Wami ya zamani, ambapo daraja lilikuwa la gari moja na wa kwanza kuwasha ndiye aliyepita, akikuwashia taa kwenye njiapanda ya mjini anamaanisha ujihadhari. Wewe unatoa mkono kumshukuru, unaingia.

Daraja la Wami siku hizi ni jipya, limeanza kutumika 2022, refu zaidi ya mita 500, magari yanapishana bila kusubiriana. Mimi ni mmoja wa walioshangilia, maana ule mteremko wa zamani, malori yamekaa pande mbili, lilikuwa jambo la kumwomba Mungu. Tabia ya kuwasha taa ili uwahi haikuachwa pamoja na njia ya zamani, lakini.

Indiketa nazo ni hivyohivyo. Madereva wa malori wana lugha yao: indiketa ya kulia, usipite, kuna gari linakuja, ya kushoto, pita, kweupe. Usiku ukipishana na basi linawasha ya kulia ili uone mwisho wa ubavu wake ulipo. Ni wema mtupu. Mtu aliye juu anayeona mbele anamsaidia aliye chini asiyeona. Tatizo ni kwamba indiketa ya kushoto ina kazi nyingine, iliyoandikwa kitabuni: nakwenda kushoto.

Siku moja nilikuwa kiti cha mbele kwenye Fuso iliyobeba mzigo wangu kutoka Kariakoo. Dereva mtu mzima wa Korogwe, zamani alikuwa akiendesha njia ya Tunduma, mpole, hazungumzi mpaka uzungumze. Karibu na Mkata tukawa nyuma ya tela kwa muda mrefu, likipanda polepole. Ghafla likawasha kushoto. Mimi nikasogea kitini nikijua sasa tunapita. Suka hakugusa kitu.

"Mbona kakuruhusu, mzee?"

"Huyo hajaniruhusu mimi. Anakwenda kununua mahindi."

Kweli, mbele kidogo palikuwa na moshi wa mahindi ya kuchoma, tela likapunguza, likaegemea pembeni, na upande wa pili likatokea basi limejaa barabara nzima. Nilimuuliza alijuaje. Akasema anayekuita upite haondoi mguu kwenye mafuta. Ukiona taa za breki pamoja na indiketa, hayo ni mambo yake mwenyewe. Sijawahi kulisikia hilo katika mafunzo yoyote ya udereva. Aliyeendesha gari dogo nyuma yetu hakulijua. Alishatoka kutupita, na alirudi nyuma ya Fuso kwa namna ambayo suka aliitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake ya kimya.

Hizo lugha zimetengenezwa na watu wa safari ndefu, wanaofahamiana kwa kazi hata kama hawajuani sura. Ndani ya kundi lao zinaokoa roho. Siku hizi kila mtu anaendesha njia kuu: mwalimu na Passo yake, mfanyabiashara na Noah, kijana aliyeazima gari kwenda kumposa mtu Moshi. Kila mmoja anaisoma kushoto ya tela kwa kitabu chake.

Lushoto nawasifia, ingawa nao si malaika. Kutoka Mombo kupanda kwa kupitia Soni ni kama kilomita 33 za kona, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili. Watu wa kule wana adabu ambayo sijaiona kwingine: anayeshuka humpisha anayepanda, na kila kona iliyojificha hupigwa honi kabla ya kuingia. Kipofu angeweza kujua ni magari mangapi yanakuja. Wakishuka huku bondeni wanaendelea kupiga honi kila kona, na Tanga honi ni tusi. Nimeshuhudia Haisi ya Lushoto ikipiga honi Ngamiani, bibi mmoja akasimama katikati ya njia makusudi, mikono kiunoni, kumuuliza dereva kalelewa na nani.

Ubaya wao ni mafuta. Mteremko mrefu namna ile unamshawishi mtu kuweka nyutro na kuachia gari lijiendee, eti anaokoa lita. Gari lililo kwenye gia linashikwa na injini yenyewe; likiwa nyutro linashikwa na breki peke yake, na breki zikikanyagwa kilomita baada ya kilomita zinachemka na kuacha kushika. Ukikaa Mombo utaisikia harufu ile ya kuungua gari likifika chini. Abiria wanaziba pua. Hakuna anayeuliza.

Mombasa nitaipita haraka. Wenzetu wanaendesha upande uleule wa kushoto, kwa hiyo macho hayababaiki, lakini matatu zao kwenye foleni zinafungua mstari wa pili na wa tatu upande wa wanaokuja, na wanaokuja nao wanafanya vivyo hivyo, mpaka barabara inafunga kabisa. Nikiona hivyo naikumbuka Mwenge kwa huruma.

Turudi kwenye tochi. Mwendo wa vijijini na mijini ni 50, wa mabasi na malori njia kuu ni 80, na ukizidisha kuna faini. Vibao vya 50 kati ya Chalinze na Segera vimefuatana, kijiji hadi kijiji, na mimi naviheshimu kwa sababu watoto wa shule wanavuka pale. Lakini tazama tunavyoviheshimu. Gari linatambaa na 50 mbele ya afande, likimaliza kona linapaa kufidia. Dereva mwenyewe anakuambia: "Hapa hakuna tochi." Hasemi hapa hakuna watoto. Na anayewasha taa kumwonya mwenzie kuhusu tochi anajiona kafanya hisani, kama yule mwenye tela, kumbe kamruhusu mtu asiyemjua aendelee kukimbia vijiji vingine vyote visivyo na afande.

Mabasi yana kifaa cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kinachofuatilia mwendo, na ukikaa mbele unakisikia kikilia dereva akizidisha. Ajabu ni abiria. Kikilia wachache wanalalamikia mwendo, wengine wanalalamikia kelele. Nimesikia kwa masikio yangu mtu mzima, kavaa kanzu nzuri, anamwambia dereva anayekwenda 80 bila kosa: "Kaka, tunasafiri au tunahama?" Dereva kijana atavumilia mara ngapi?

Na majani. Kila Mtanzania anajua matawi ya miti yaliyopangwa barabarani maana yake mbele kuna gari limeharibika. Kwa mtu asiye na pembetatu ni akili nzuri, na wakati mwingine inaonekana mbali kuliko pembetatu yenyewe. Ila gari likishatengenezwa, utingo anaruka ndani, wanaondoka. Majani yanabaki, yananyauka, na baada ya siku mbili hakuna anayeyaamini tena, hata yale mabichi ya gari jingine mbele yake. Yanabaki pia mawe yaliyowekewa matairi. Mawe hayo nayafahamu kwa upande wangu wa kaunta: rimu za mbele za pikipiki zilizopinda na foku zilizovunjika. Mwenye pikipiki aliyeliona jiwe usiku akiwa hatua tatu kutoka nalo haji mwenyewe dukani. Anamtuma mdogo wake, yeye kalazwa.

Mkoa wetu umezika watu kwa mambo haya. Februari 2023, usiku, Magila Gereza kule Korogwe, Coaster iliyobeba msiba kutoka Dar kwenda Moshi iligongana na Fuso. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 17. Januari 2025, Chang'ombe, hapohapo Segera, ilitokea ajali usiku, watu wakatoka majumbani kwenda kusaidia na kutazama, lori likaja likawakuta barabarani. Wakafa 11.

Hii ya pili siiwezi kuimaliza kichwani. Kukimbilia aliyepatwa ndiyo malezi yetu. Kijijini mtu akipiga ukelele usiku na wewe ukabaki kitandani, kesho huna jirani. Watu wale walifanya kile walichofundishwa na wazazi wao, wakakifanya juu ya lami, gizani, mahali ambapo anayekuja anaona taa za simu tu na hajui ni nini. Sitaki kusikia mtu akiwaita wajinga. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kukimbia upande mwingine, mita 100 au 200 kila upande, na tochi au shati jeupe, kabla ya wote kumzunguka majeruhi. Vijana wa bodaboda wanaoegesha kando ya njia kuu ndio wanaofika kwanza kila mara. Wafundishwe hilo tu, hata kabla ya huduma ya kwanza.

Sasa inajengwa barabara ya pwani: Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo. Kwa biashara yangu ni neema, sina la kuficha. Pangani ni kama kilomita 50 tu na nimekula vumbi lake la kutosha. Pale mtoni watu walizoea kusubiri kivuko. Unazima gari, unateremka, unajua nani kafika kabla yako, na hata mwenye gari la serikali anapiga soga na muuza samaki. Daraja likikamilika hakuna atakayesubiri mtu, na wa Dar hatakuwa na sababu ya kuzunguka Segera. Atatujia moja kwa moja kutoka Bagamoyo, na bamba lake, mpaka kwenye njiapanda zetu zisizo na vibao, akutane na mwenye baiskeli asiyegeuza shingo.

Kuna kijana wa bodaboda wa Pangani alikuja dukani juzi, akaomba saitimira. Nikamtolea moja ya kulia, ile ya bei ya chini, kama kawaida. Akasema anataka zote mbili, na zile nzuri, zisizotetemeka. Nikamuuliza kama kakamatwa. Akasema hapana, ila barabara ikifika wa Dar watapita pande zote, na mlio wake hawatausikia. Nikampunguzia elfu mbili. Akataka tatu.